Habari za Vyombo vya Kauri

Ukipita Kariakoo asubuhi, katika mji wa Dar es Salaam, utaona biashara mbili za udongo. Mahali pamoja amekaa mwuza vyungu. Mbele yake amepanga vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, vikaango, na vyetezo vya kufukizia udi. Vyote vina rangi ya udongo, vyekundu au vyeusi, na ukivishika waona bado vina harufu ya moshi. Hatua chache mbele kuna maduka ya vyombo vya mezani. Humo sahani nyeupe zimepangwa moja juu ya moja, na mabakuli yenye maua ya buluu, na vikombe vyembamba vyenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Na vingi katika hivyo vimetoka Uchina.

Mtu akiona chungu na kikombe hicho huweza kudhani kwamba havina ujamaa hata kidogo. Lakini ni ndugu. Mama yao ni udongo, na baba yao ni moto. Tena wengi hudhani kwamba vyombo vya Kichina vimeanza kufika kwetu jana na juzi. Sivyo. Vilianza kuletwa katika pwani hii zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, nao mji wa Dar es Salaam wenyewe ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860 tu. Basi, sikilizeni habari za vyombo hivi: jinsi vinavyofanywa, jinsi vilivyosafiri, na sababu iliyowafanya watu kuvipenda hata wakavitia katika makaburi ya wazee wao.

Kwanza tutazame kazi ya mfinyanzi wa kwetu. Huchimba udongo wenye kunata, akatoa mawe na mizizi, akaukanda pamoja na maji. Mara nyingi huuchanganya na mchanga, au na vigae vilivyopondwa, ili chungu kisipasuke motoni. Kisha hukifinyanga kwa mkono, akakilainisha kwa kijiwe, akakiweka kivulini kikauke polepole. Wazee wetu walisema, "Udongo uwahi ungali maji," maana ukiisha kukauka hauwezi kukunjwa tena. Mwisho hupanga vyungu juu ya ardhi, akavifunika kwa kuni na nyasi, akawasha moto.

Moto ule ni mkali, lakini haumalizi vitundu vidogo mno vilivyo ndani ya udongo. Kwa ajili hiyo maji ya mtungi hupenya kidogo kidogo hata nje, na hewa huyakausha. Maji yakikauka huchukua joto pamoja nayo, na yale yaliyobaki ndani hupoa. Ndiyo sababu maji ya mtungini ni baridi hata wakati wa jua kali. Basi, asiudharau mtu yeyote mtungi wa udongo. Una elimu yake.

Kauri ni kitu kingine. Hufanywa kwa udongo mweupe unaoitwa kaolini. Jina hilo latoka Gaoling, kilima kilicho karibu na mji wa Jingdezhen katika Uchina, ambako mafundi walifinyanga kauri kwa mamia ya miaka. Udongo huo huchanganywa na jiwe la namna fulani lililosagwa likawa unga. Chombo kikisha kufinyangwa na kukauka, hupakwa maji yenye unga wa mawe na majivu, kisha hutiwa katika tanuri lililojengwa. Huko moto hupanda hata kufika digrii 1,300 hivi za sentigredi. Katika joto hilo ule unga wa jiwe huyeyuka kama kioo, ukajaza vitundu vyote. Chombo kikipoa, huwa kigumu na cheupe, na juu yake kina ngozi ya kung'aa. Maji hayapenyi. Ukikipiga kwa ukucha, hulia kama kengele. Na kama ni chembamba sana, ukikiinua mbele ya taa utaona nuru ikipita.

Yale maua ya buluu nayo yana habari yake. Rangi ile hutoka katika madini yaitwayo kobalti. Katika karne ya 14 mafundi wa Jingdezhen walitumia kobalti iliyoletwa kutoka Uajemi, wakaandika kwayo maua, ndege na joka juu ya udongo mweupe. Hivyo bakuli la Kichina lilikuwa na rangi ya Kiajemi, nalo likaja kununuliwa na Mswahili. Tangu zamani watu wa dunia wamehitajiana.

Hata jina lake lina ajabu. Katika Kiswahili neno kauri ni jina la kombe dogo la baharini, jeupe na laini, lililokuwa fedha ya watu wengi wa Afrika; na neno hilohilo ni jina la vyombo hivi. Waitalia nao walifanya vivyo hivyo. Kombe la kauri waliliita porcellana, na walipoona vyombo vya Kichina, vyeupe na laini kama kombe lile, wakavipa jina hilo. Mataifa mawili yaliyo mbali yaliona mfano mmoja.

Sasa, vilifikaje kwetu? Mabaharia wa bahari ya Hindi walizijua pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi; kusi iliyarudisha. Vyombo vya Kichina vilisafiri kwa bahari kutoka bandari hadi bandari, vikibadilishwa mikono mara nyingi, hata vikafika Lamu, Malindi, Unguja na Kilwa. Vilikuwa shehena njema, kwa kuwa ni vizito, hukaa chini ya chombo kikatulia baharini, wala havioziki kwa maji ya chumvi kama nguo. Watu wa pwani walitoa pembe za ndovu, ambari, boriti za mikoko, na dhahabu iliyotoka upande wa Sofala.

Mwaka 1998 wavuvi na wazamiaji waligundua jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, katika Indonesia. Lilikuwa limezama katika karne ya 9, likitoka Uchina kuelekea magharibi. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya udongo zaidi ya 50,000, vingi vyao mabakuli, na mengi yalikuwa yamepangwa ndani ya mitungi mikubwa yasije yakavunjika. Tena mbao za jahazi hilo hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba, kama mitepe iliyokuwa ikisafiri Lamu na Pate zamani. Vigae vya Kichina vya karne hiyohiyo vimechimbuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Kwa hiyo twajua kwamba biashara hiyo ilitufikia mapema.

Baadaye, kati ya mwaka 1405 na mwaka 1433, mfalme wa Uchina alimtuma amiri Zheng He na merikebu nyingi katika bahari ya Hindi, na baadhi yake zilifika Mogadishu na Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme yule, na watu wa huko walistaajabu sana.

Katika miji ya pwani vyombo vya kauri havikuwa vya kulia tu. Katika nyumba za mawe za Lamu mafundi walijenga ukuta wenye vidaka vingi, safu juu ya safu, na ndani ya vidaka waliweka mabakuli na sahani ili mgeni aone heshima ya nyumba. Wengine walitoboa tundu katika ukingo wa sahani wakaitundika ukutani. Katika Kilwa Kisiwani uko msikiti mdogo wenye kuba, na katika dari zake mabakuli yalipachikwa ndani ya chokaa, yakitazama chini kama nyota. Na katika Gedi, karibu na Malindi, ambako uchimbaji ulianza mwaka 1948, nyumba moja katika magofu imeitwa kwa jina la bakuli la kauri lililoonekana humo.

Lakini wewe mwanafunzi wa Dar es Salaam huna haja ya kwenda mbali. Kunduchi, kaskazini ya mji, yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Nguzo hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na katika nguzo na kuta za makaburi mafundi walipachika mabakuli na sahani za Kichina. Katika Kaole, karibu na Bagamoyo, ziko nguzo za namna hiyohiyo. Fikiri jambo hili. Chombo kilifinyangwa na mtu asiyejua Kiswahili. Kilivuka bahari miezi mingi. Kikanunuliwa kwa bei kubwa. Nacho mwenyewe hakula ndani yake, bali watoto wake walikitia katika kaburi lake ili wapitao wajue kwamba hapa amelala mtu mwenye cheo.

Wataalamu nao hupenda vigae hivi kwa sababu nyingine. Mbao huoza, nguo huliwa na mchwa, karatasi huchomeka. Lakini kigae cha kauri hukaa ardhini miaka 1,000 kisigeuke. Tena mafundi wa Uchina walibadili namna zao zamani kwa zamani. Yale mabakuli ya kijani, mfano wa jani bichi, yalipendwa mno katika karne ya 13 na ya 14. Kisha yale meupe yenye buluu yakashika nafasi. Kwa hiyo mtaalamu akikuta kigae chini ya sakafu ya nyumba isiyo na maandiko, aweza kujua kwamba sakafu ile haikujengwa kabla ya kigae kile kufanywa. Lakini lazima aangalie, maana watu huweza kutunza bakuli la babu miaka mingi kabla ya kulitia kaburini. Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mtaalamu mkubwa wa Uingereza, alitembelea pwani kutoka Dar es Salaam hata Kilwa. Alistaajabu kwa wingi wa vigae alivyoviona, akasema kwamba habari za kale za Tanganyika zilizozikwa ardhini zimeandikwa kwa kauri ya Kichina.

Basi, kwa nini watu wapende hivi kitu kinachovunjika upesi? Kwanza, kwa uzuri wake. Pili, kwa sababu kimetoka mbali, na kila kitokacho mbali husimuliwa. Tatu, kwa sababu huvunjika. Mwenye kuwa na sahani nzima ya babu yake ana ushuhuda kwamba nyumba ile ilikuwa na watu waangalifu. Watu wengine walisadiki hata mambo yasiyo kweli. Katika nchi nyingi za mashariki ilisemwa kwamba sahani ya kijani ya Kichina hupasuka au hubadilika rangi ikitiwa chakula chenye sumu. Sivyo, lakini wafalme wenye hofu walinunua.

Huko Ulaya mapenzi hayo yaligeuka kuwa kama ugonjwa. Augustus, mtawala wa Saxony katika Ujerumani, alikusanya vyombo vya kauri kwa maelfu. Mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari 600, naye akapokea vyombo 151. Watu 600, kila mmoja na mama yake, walihesabiwa pamoja na mabakuli! Augustus huyo alimshika kijana aliyeitwa Böttger, aliyejisifu kwamba aweza kufanya dhahabu, akamweka kifungoni atende kazi. Dhahabu haikupatikana; lakini mwaka 1708 Böttger, pamoja na mtaalamu Tschirnhaus, walivumbua siri ya kauri ngumu, na mwaka 1710 kiwanda kikaanzishwa katika Meissen. Böttger alikufa mwaka 1719, akiwa na umri wa miaka 37. Waingereza nao, katika karne ya 18, walijifunza kutia majivu ya mifupa ya ng'ombe katika udongo, wakapata kauri nyeupe mno. Katika karne ya 19 sahani na mabakuli ya viwanda vya Ulaya, kama vile vya Maastricht katika Uholanzi, yalifika Unguja na pwani yote, yakapangwa mahali palipokuwa pa vyombo vya Uchina.

Haya, turudi Kunduchi, maana hapo pana neno la huzuni. Ukitazama nguzo na kuta za makaburi ya pwani yetu, utaona mahali pengi matundu ya mviringo, matupu, kama macho yaliyong'olewa. Zamani bakuli lilikuwa humo. Mengine yalichukuliwa yakahifadhiwa katika Makumbusho. Lakini mengine yaling'olewa na watu waliotaka kuyauza, au waliotaka kuwa nayo nyumbani. Na mara nyingi bakuli lililogongwa kwa chuma lilipasuka, basi mwizi hakupata kitu, na kaburi likaharibika bure.

Labda mtoto atasema, "Mimi siwezi kuvunja kaburi. Naokota kigae kimoja tu, kidogo kama kucha." Nafikiri mimi nami nilipokuwa mtoto ningesema vivyo hivyo. Lakini fikiri. Kigae kikiwa ardhini, mahali pake, huweza kusema, "Nyumba hii ilikuwapo zamani fulani, na watu wake walifanya biashara na nchi fulani." Ukikitia mfukoni ukakipeleka nyumbani, kimekuwa bubu. Ni kipande cha sahani tu. Na kama kila mtoto wa darasa lako ataokota kimoja, na kila darasa vivyo hivyo mwaka kwa mwaka, kitabu kizima kitakuwa kimechanwa ukurasa kwa ukurasa, wala hakuna atakayeweza kukisoma tena. Kwa ajili hiyo sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda magofu haya na vitu vilivyomo. Ukiona kigae, kitazame, kichore katika daftari yako, umwonyeshe mwalimu mahali kilipo, ukiache.

Ukitaka kuona vyombo vizima, nenda Makumbusho ya Taifa katika mtaa wa Shaaban Robert. Nyumba ya kwanza ya hapo ilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Kutoka Kariakoo mtu mwenye miguu mizuri aweza kufika kwa kutembea. Humo vimehifadhiwa vitu vilivyochimbuliwa Kilwa na mahali pengine pa pwani, navyo ni mali ya wote, tajiri na maskini.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Katika vilima vya Pugu, upande wa kusini-magharibi wa mji, umo udongo mweupe mwingi wa kaolini, jamaa ya udongo ule wa Gaoling. Mabakuli yalivuka bahari yote kuja kwetu, na udongo wa namna ile ulikuwa umelala karibu nasi. Wenzetu hawakutupita kwa udongo, bali kwa tanuri, na kwa subira ya kujaribu mara nyingi. Hayo hufundishwa, nawe waweza kujifunza.

Methali yetu yasema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Atengenezaye vyombo vizuri huwauzia wengine, naye hula katika kigae. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mafundi wa Jingdezhen, ambao majina yao hatuyajui, na hivyo ndivyo ilivyo kwa mama wengi wafinyanzi wa nchi yetu. Ukipita sokoni na kumwona mwuza vyungu, usipite kwa dharau ukikimbilia vikombe vyenye dhahabu. Kazi yake ndiyo mwanzo wa kazi zote hizi.

Nabii Yeremia alitumwa aende nyumbani kwa mfinyanzi. Katika sura ya 18 ya kitabu chake twasoma kwamba chombo kiliharibika mkononi mwa fundi, naye akakifinyanga tena kikawa chombo kingine, kwa kuwa udongo ulikuwa bado laini. Lakini katika sura ya 19 nabii alivunja gudulia lililokwisha kuchomwa, na hilo halikuweza kutengenezwa tena. Ninyi wanafunzi ni udongo ungali maji. Lakini makaburi ya Kunduchi na magofu ya Kaole na Kilwa ni vyombo vilivyokwisha kuchomwa. Yakivunjwa leo, hakuna fundi awezaye kuyafinyanga kesho.

MASWALI

1. Kwa nini maji ya mtungi hupoa, na maji ya bakuli la kauri hayapoi vivyo hivyo?
2. Eleza jinsi bakuli moja la buluu liliunganisha Uajemi, Uchina na pwani yetu.
3. Kigae kimoja huwezaje kumsaidia mtaalamu kujua umri wa nyumba? Kwa nini lazima awe mwangalifu?
4. Augustus alitoa askari 600 kwa vyombo 151. Wewe waonaje juu ya biashara hiyo?
5. Ukiona kigae cha kale Kunduchi, utafanya nini? Toa sababu zako.